Kumfundisha Mtoto Besiboli: Mkono, Jicho na Namna ya Kupokea Kosa

Mwalimu anayeanzisha besiboli katika shule ya Kisumu, Nakuru au Kakamega hapokei watoto wasiojua lolote, kwa kuwa wasichana wengi wamewahi kucheza raunda katika mashindano ya shule, na wengi wamecheza kati uani, wakajifunza kurusha kwa shabaha. Kazi inayobaki ni kuunyoosha ujuzi huo na kumzoesha mtoto mchezo ambao ndani yake kukosa ni jambo la kila siku. Katika ligi kuu ya Marekani, mpigaji anayefika besi (kituo cha kukimbilia) salama kwa pigo lake mara tatu katika kumi huhesabiwa kuwa hodari. Hata Ted Williams, mpigaji mashuhuri wa ligi hiyo aliyefikisha wastani wa upigaji wa 0.406 mwaka 1941, alikosa karibu mara sita katika kila kumi. Kwa sababu hiyo naamini kwamba utulivu wa akili haufundishwi kwa hotuba mwisho wa mazoezi, bali hufundishwa ndani ya zoezi lenyewe.

Anza na kurusha. Mtoto aushike mpira kwa ncha za kidole cha shahada na cha kati, zikikatiza mishono, kidole gumba kikiwa chini, na pabaki nafasi ndogo kati ya mpira na kiganja. Mwenye mkono mdogo atumie vidole vitatu bila kukosolewa. Asimame kiubavu, bega la mkono usiorusha lielekee kwa mwenzake, apige hatua kuelekea huko huko, kiwiko kiwe usawa wa bega, na mkono umalizikie upande wa pili wa mwili. Waanze wakiwa mita nane hivi na warudi nyuma pale tu mipira inapofika kifuani mwa mwenzao. Ukiona kiwiko kinashuka na mtoto anausukuma mpira badala ya kuurusha, umbali umemzidi, basi msogeze karibu kabla ya kumwambia neno lolote.

Kudaka mpira wa chini kunahitaji subira zaidi, hasa katika viwanja vya nyanda za Kano karibu na Kisumu, ambako udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi na mpira huruka pasipotarajiwa. Tumia mipira ya tenisi, bila glavu, uiviringishe kwa mkono. Miguu ipanuliwe, magoti yakunjwe, na mikono itangulie mbele ya mwili ikigusa ardhi, kwa sababu ni rahisi zaidi kuinua mkono mpira unaporuka kuliko kuushusha umeshapita. Mtazame uso mtoto wakati mpira unapofika: wengi hugeuza kichwa dakika ya mwisho, na hapo ndipo mpira unapowapita au kuwagonga. Kumkemea mtoto huyo kunaongeza woga. Andika namba kubwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila mpira, kisha mtake aitaje kwa sauti kabla ya kudaka; akishughulika kusoma, kichwa hutulia chenyewe.

Kwa upigaji, tairi kuukuu lililofungwa imara kwenye nguzo linatosha kumfundisha mtoto kuanzisha nguvu kiunoni na kuacha mikono ifuate. Baada ya hapo mrushie mipira laini kutoka ubavuni, kisha kutoka mbele. Mpira halisi una uzito wa gramu 142 hadi 149 na ni mgumu, kwa hiyo asisimame mtoto yeyote kuupiga bila kofia ngumu, na wanaosubiri zamu wakae mbali na gongo. Kwa watoto wa hadi miaka kumi na miwili, Little League, shirika la Marekani la besiboli ya watoto, huweka umbali wa mita 18.29 kati ya besi na besi badala ya mita 27.43 za watu wazima, na vipimo hivyo vifuatwe, kwani uwanja mkubwa mno humkatisha mtoto tamaa kabla hajajua mchezo.

Mtoto anapokosa, awe na jambo la kufanya papo hapo. Atoke alipokuwa amesimama, atazame alama moja kwenye gongo, atoe pumzi taratibu, ajiambie neno moja alilochagua, kama vile “tazama”, kisha arudi. Afanye hivyo hivyo hata anapofaulu, ili utaratibu huo usiwe dalili ya kushindwa. Wewe kocha, badala ya kupaza sauti “piga vizuri!”, muulize: “Mpira uliuona mara ya mwisho ukiwa wapi?” Jibu lake litakuonyesha kama tatizo ni jicho, haraka au woga, nawe urekebishe jambo moja tu. Usimzungushe uwanja kama adhabu ya kuangusha mpira, maana mtoto wa namna hiyo hujifunza kuomba mpira usimfikie. Zomeazomea, iwe ya wenzake au ya wazazi pembeni, ikatazwe kabla mechi haijaanza.

Anga ya Kakamega au Kisii inapoanza kunguruma alasiri, ondoa watoto wote uwanjani, wasijifiche chini ya mti, na wasirudi kabla ya dakika 30 kupita tangu radi ya mwisho.

Lililo zito kuliko yote ni mkono wa anayewarushia wapigaji, kwa kuwa mifupa ya kiwiko na bega la mtoto bado inakua na sehemu hizo za ukuaji huumia kwa kurudiarudia. Kanuni za Little League zinaruhusu mtoto wa miaka 9 hadi 10 arushe mara 75 kwa siku, na wa miaka 11 hadi 12 mara 85, na aliyerusha mara 66 au zaidi apumzike siku nne. Hivyo ni vikomo, wala si malengo. Anayeanza arushe kidogo zaidi, na mipira ya kupinda, yaani inayozungushwa ili ipinde hewani, isubiri. Mpe mchezaji wa akiba daftari aweke alama kila mrusho, na hesabu ikitimia umbadilishe hata kama timu inaongoza. Mtoto akisema kiwiko kinamuuma, asichuliwe dawa ili arudi kucheza. Apumzike siku hiyo hiyo, mzazi aarifiwe, na maumivu yakiendelea apelekwe kwa daktari.