Kutoka kazini saa saba usiku Kijenge bila kumkimbia kila chalii

Nakaanga chipsi kwenye baa moja hapa Kijenge, Arusha, mwaka wa kumi na moja sasa. Jiko tunafunga saa saba usiku. Kila mhudumu mpya ananiuliza lilelile: mama, unafikaje nyumbani na machalii wote hawa? Machalii ndio vijana wetu wa mtaani.

Hela kwanza. Kabla wakala hajafunga, naweka zote kwenye simu, nabaki na nauli tu.

Boda: shika kijiwe kimoja, dereva mmoja. Siku hayupo, mpigie akupe mwenzake. Namba ya pikipiki, ile inayoanza na MC, mtumie mtu wa nyumbani kabla hujapanda, na dereva akuone unaiandika.

Ukitembea, achana na njia ya mkato ya mtoni hata kama unawahi. Pita penye taa na watu. Na hapo penye watu ndipo utawakuta machalii, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Julai ya Arusha unaijua. Kila kijana ana kofia ya marvin hadi kwenye nyusi, sweta la kofia, mikono mfukoni. Ni baridi, mwanangu! Ukiogopa marvin utamwogopa hata mlinzi wetu. Mimi siangalii nguo. Wakiwa wanabishana Simba na Yanga au wanachoma mahindi, hao hawana habari na wewe. Wakinyamaza ghafla ulipotokea, halafu mmoja akavuka barabara kukufuata, ingia duka lolote lililo wazi. Ninaowaogopa kweli ni vishandu: pikipiki moja, watu wawili, inakuja taratibu nyuma yako. Ndiyo maana mkoba unakaa upande wa ukuta, na simu huongei nayo ukitembea.

Ukifika kijiweni kwao usiiname wala usikimbie. Salimia. Mimi nikisema "Hamjambo wanangu?" inarudi "Shikamoo mama", hata kwa yule mwenye hereni puani. Wewe msichana, "mambo vipi" moja inatosha, usisimame. Akikuita mrembo, endelea na safari yako.

Halafu ukiwaona wanatawanyika mbio, usipige kelele za mwizi. Pengine difenda ya polisi imekunja kona tu. Chalii akikaa nje usiku anaweza kubebwa kwa uzururaji, na kelele zako zinaweza kumuua mtoto wa mtu.

Ukiporwa, usigombanie. Azima simu, piga 112 polisi, kisha, kwa simu yenye laini ya mtandao wako, piga 100 wafunge laini. Yangu ilikwenda mwaka juzi. Aliyeichukua ni baba mtu mzima, kachomekea shati, kaniuliza saa, nami nikaitoa simu nimtazamie. Kesho yake chalii mmoja wa kijiweni akaniletea laini aliyoiokota mtaroni. Nilishaifunga, haikuwa na kazi tena, lakini nilimpa chipsi kavu. Mpaka leo akipita dirishani anadai na mishikaki.