Kuomba kazi na mkopo wa chuo mtandaoni: yamalize haya kabla hujaja steshenari

Nina steshenari Nyegezi, Mwanza, jirani na stendi, na siku hizi kutoa kopi ni sehemu ndogo tu ya kazi yangu. Muda mwingi nakaa na vijana wanaoomba kazi, chuo na mkopo. Zamani kijana alichapisha barua, akanunua bahasha ya kaki, akaipeleka posta, basi. Aliyeifungua huko ilikokwenda alikuwa mtu, na mtu akiona jina limepungua herufi moja anaweza kuelewa. Mfumo hauelewi. Unalinganisha herufi kwa herufi na tarehe kwa tarehe. Inaniuma kuona watoto wenye ufaulu mzuri wanakwama kwa jambo ambalo lingemalizwa nyumbani kabla dirisha halijafunguliwa.

Kwa hiyo anza na majina. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita au cha chuo, na kitambulisho cha NIDA. Soma jina lako kwenye kila kimoja, herufi moja moja, na mtu mwingine akufuatishie. Huku kwetu jambo hili ni zito kwa sababu ya majina ya Kisukuma. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ng'wandu, cha shule kinasema Ngwandu bila ile alama ya juu, kitambulisho kinasema Mwandu. Kwa baba yako hilo ni jina moja. Kwa mfumo hao ni watu watatu. Wengine shuleni walisajiliwa kwa majina mawili, kwenye kitambulisho yako matatu. Ukikuta tofauti ya namna hiyo, muone wakili akuambie kama inatosha hati ya kiapo au unahitaji hati ya kubadili jina. Kama kinachohitaji marekebisho ni taarifa za NIDA au cheti cha kuzaliwa cha RITA, kafuatilie huko huko, na uende sasa, maana marekebisho hayaishi kwa siku moja.

Kagua na tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ziweke kando ya cheti cha kuzaliwa uone kama vinasema kitu kimoja. Wengi hawajawahi kuzitazama hivyo.

Kisha laini na barua pepe. Tumia laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyako mwenyewe, siyo ya shemeji, siyo ya rafiki wa geto. Barua pepe ifungue wewe, kwenye simu yako, na neno la siri uliandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Hapa naomba unisikilize vizuri, mdogo wangu: usikubali mtu wa steshenari akufungulie akaunti kwa barua pepe yake, hata kama ni mimi. Mchana una watu wengi, anataka kukumaliza haraka, anaweka ya kwake. Miezi inapita, unaitwa kwenye usaili, ujumbe unaingia kwake, na yeye hata hakukumbuki. Kaa kwenye kiti, shika kibodi, uandike mwenyewe polepole. Mimi nitasimama pembeni nikuelekeze, na malipo ni yale yale.

Sasa kuskani vyeti. Simu ya kawaida inatosha ukipakua programu ya kuskani inayotoa PDF. Usipige picha ya kawaida ukaituma WhatsApp kisha ukaipakua tena, inafifia. Weka cheti mezani, karibu na mlango ambako mwanga wa mchana unaingia kwa ubavu, zima flashi, simama ili kivuli chako kisiangukie karatasi. Cheti kilichopigwa lamineshen ndicho kinachosumbua. Kuna kijana alivuka kutoka Ukara akiwa na cheti cha kidato cha nne kimepigwa lamineshen tangu siku alipokichukua, kinang'aa, na kila tulipokiskani mstari mweupe wa mwanga ulikaa juu ya namba yake ya mtihani. Tulikisogeza mbali na mlango, tukainua daftari jeusi upande wa dirisha kuzuia mwanga, ndipo namba ikasomeka. Ukimaliza, vuta picha ikue usome namba ya mtihani na muhuri. Kama wewe huisomi, na wao hawataisoma.

Kila cheti kiwe faili lake na ulipe jina linaloeleweka, kwa mfano kidato_cha_nne. Ukubwa wa faili una kikomo, hivyo soma maelekezo kabla ya kupandisha. Na kwa kazi za serikali kupitia Ajira Portal, matangazo husema wazi kwamba hati za matokeo hazikubaliki, wanataka vyeti kamili. Wanataka pia wasifu wenye wadhamini watatu, na barua iliyosainiwa. Sahihi ya kalamu, mdogo wangu: chapa barua, isaini, ndipo uiskani.

Wanaoomba mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo, mna hatua ambayo mtandao haujaiondoa. Ukishajaza fomu unaichapa, mdhamini anasaini, serikali ya mtaa au kijiji inagonga muhuri, kamishna wa viapo naye anasaini, ndipo kurasa hizo zinaskaniwa na kurudishwa kwenye mfumo. Cheti cha kuzaliwa nacho kinahitaji kuhakikiwa na RITA. Kwa kijana wa mjini, hiyo inaweza kuwa kazi ya siku moja. Kwa wa Ukerewe au Kome, mtendaji wa kijiji yuko kisiwani na mdhamini huenda yuko kambini kwenye dagaa, hatoki ziwani mpaka asubuhi. Njoo mjini mapema, chapa fomu mbili ili moja ikilowa kwenye mtumbwi ubaki na nyingine, rudi nazo nyumbani, kusanya sahihi zote huko. Kuskani na kupandisha unaweza kufanya kwa simu yako ukiwa huko huko, mtandao ukiwa umetulia usiku au alfajiri.

Malipo yoyote ya serikali yana kumbukumbu namba (control number) yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, nawe unalipa mwenyewe kwa simu yako. Anayekupigia akisema utume hela kwenye namba yake akupitishe, kata simu.

Siku hizi vijana wengi wanaandikiwa barua na akili mnemba. Silipingi, ni msaada mkubwa kwa aliyesoma shule isiyokuwa na mwalimu wa kutosha. Lakini nimepokea barua za kuchapa ambazo ndani yake bado mna mabano yanayosema "jina lako hapa", na nyingine zinadai mwombaji ana uzoefu wa miaka mitano wakati amemaliza VETA Nyakato mwaka huu. Ipe kwanza ukweli wako: umesoma nini, mazoezi ya vitendo ulifanyia wapi, ulitengeneza nini kwa mikono yako. Iambie isiongeze lolote. Halafu futa kila sentensi ambayo usingeweza kuieleza ukiulizwa ana kwa ana kwenye usaili. Barua fupi yenye neno la kweli kuhusu injini ya boti uliyoifungua Kirumba inambeba kijana kuliko kurasa mbili za sifa.

Na kwa kuwa baadhi ya usaili wa kuandika sasa unafanyika kwenye kompyuta, zoea kipanya na kibodi kabla. Simu haikufundishi hilo. Omba nusu saa kwa jirani mwenye kompyuta, au njoo kwangu jioni wateja wakipungua.

Ukishatuma, ingia tena kesho yake uhakikishe hali ya ombi lako, na upige picha ukurasa unaoonyesha limepokelewa. Likirudishwa, soma sababu iliyoandikwa, rekebisha hiyo tu, tuma tena. Usisubiri siku ya mwisho. Siku hiyo mtandao huwa mzito nchi nzima, na mimi hapa nakuwa na foleni mpaka barabarani.