Jinsi ya kuijaribu bodaboda iliyotumika kabla hujatoa hela

Mwongozo huu ni wa anayetafuta pikipiki ya kazi, iwe Boxer, TVS, Honda au Haojue, anayoinunua kwa mtu. Kila siku naona mnunuzi anazunguka mtaa mmoja, anavuta mafuta, injini inalia vizuri, anahesabu hela. Mzunguko huo haukwambii kitu. Pikipiki ya kazi ijaribu ikiwa imebeba mtu, kwenye mlima, na uiwashe ikiwa ya baridi.

1. Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike, na uende asubuhi. Ukifika tu, sogeza kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto imeshawashwa, na huenda ni kwa sababu asubuhi inasumbua. Omba urudi kesho. Akikataa, tafuta nyingine.

2. Ikiwa ya baridi, iwashe mwenyewe: kwanza kwa kiki, kisha kwa stata. Simama nyuma uangalie ekzosi. Moshi mweupe mwepesi unaopotea baada ya muda mfupi ni unyevu tu. Mweusi maana yake petroli imezidi hewa. Safisha kabureta na kichujio, yataisha. Wa bluu wenye harufu ya oili iliyoungua ndio wa kuogopa. Ukitoka wakati unavuta mafuta, shuku ringi za pistoni. Ukitoka pale unapoachia kisha ukavuta tena, shuku sili za valvu. Vyovyote vile, injini itafunguliwa, na gharama hiyo ni yako.

3. Iweke kwenye stendi kubwa, mwenzako akandamize nyuma mpaka gurudumu la mbele linyanyuke. Geuza usukani polepole kwa vidole viwili, kushoto hadi kulia. Ukikwama kidogo unapofika katikati, beringi za usukani zimeliwa. Kisha shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute. Ikiachana na meno mpaka unayaona nusu, cheni na sproketi zote mbili zinahitaji kubadilishwa. Punguza kwenye bei. Futa chini ya injini kwa kitambaa pakauke kabisa, utaparudia mwishoni kuona kama oili inavuja.

4. Sasa barabarani. Vaa helmeti, hakikisha bima ya pikipiki haijaisha, na uwe na leseni yenye daraja la pikipiki. Uliza gia zinaingiaje, maana si pikipiki zote zinafanana. Muuzaji apande nyuma: yeye anatulia kwamba hukimbii na chombo chake, na wewe umepata abiria.

Nenda mlimani. Kwa Dar es Salaam mimi napenda vilima vya Goba. Ukiwa gia ya tatu, vuta mafuta. Sauti ikipanda na mwendo ukabaki ule ule, klachi inateleza, hilo linatengenezeka. Ingiza gia ya pili, vuta, achia, vuta tena. Gia ikichomoka yenyewe, achana na pikipiki hiyo hata kama rangi inang'aa. Gia zimo ndani ya injini, na kuzifikia ni kuipasua yote. Mimi naichukua iliyochakaa matangi na siti kuliko inayochomoa gia.

Ukirudi tambarare, pasipo na gari nyuma yako, fika kilomita 40 kwa saa ujaribu breki: ya nyuma peke yake, ya mbele taratibu, kisha zote pamoja. Breki ikishika na kuachia kama inapumua, ngoma ya breki si duara tena.

5. Tafuta dimbwi dogo, pita katikati ukienda moja kwa moja polepole, halafu shuka uangalie alama za tairi kwenye lami kavu. Ya nyuma inatakiwa ikanyage juu ya ya mbele. Ukiona mistari miwili iliyoachana, ama gurudumu la nyuma limefungwa vibaya au chesisi imepinda kwa ajali. Mwite fundi aseme ni lipi.

6. Baada ya dakika 20 hivi za kuendesha, izime, subiri dakika 5, iwashe tena. Kuna zinazowaka vizuri zikiwa baridi na kugoma zikiwa moto, na abiria hatakusubiri. Pitisha kitambaa pale chini ya injini ulipofuta, usiguse kwa mkono maana ni ya moto. Oili mpya ikionekana, uliza inatoka wapi.

Kama unachagua kati ya mbili, zipitishe mlima ule ule, siku ile ile, na abiria wa uzito ule ule. Na kama unataka mpya, na duka haliruhusu kujaribu, nenda kijiweni, tafuta dereva mwenye aina hiyo hiyo, mlipe mafuta na muda wake akupe dakika chache.

7. Mwisho, linganisha namba ya chesisi iliyogongwa shingoni pa usukani, na ile ya injini, na zilizo kwenye kadi ya usajili. Jina kwenye kadi nalo lilingane na kitambulisho cha muuzaji, kisha mwende pamoja TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kuhakiki. Namba ikiwa imekwaruzwa au kugongwa upya, mrudishie ufunguo.