Video inasitasita bila kuganda: pima mdundo wake kabla ya kugusa mipangilio

Video ikiganda, kiduara kikazunguka na sauti ikakatika, sababu inajitangaza yenyewe: mtandao au diski. Hapa tunashughulikia tatizo jingine, dogo na la kuudhi zaidi. Sauti iko sawa, filamu inaendelea, lakini kamera ikipita taratibu juu ya mandhari, au majina yakipanda mwishoni, picha inasitasita. Wengi hukimbilia kununua kifaa kipya, na tatizo linawafuata hukohuko, kwa sababu mara nyingi kifaa hakina kosa. Kasi ya fremu za faili (picha moja moja zinazounda video, zikihesabiwa kwa sekunde) na kasi ya skrini (mara inazojichora upya kwa sekunde, yaani Hz) ndizo haziendi pamoja.

Kwa hiyo anza na saa. Tafuta sehemu yenye mwendo wa taratibu usiobadilika (majina ya mwishoni yanafaa sana), washa saa ya kupimia kwenye simu, kisha hesabu sekunde kati ya mruko mmoja na unaofuata. Rudia mara kadhaa. Halafu rudisha video nyuma uicheze tena sehemu ileile. Ikiruka palepale kila mara, shuku faili lenyewe, au kipande kizito ambacho prosesa haikiwezi. Mruko ukihama, shuku mpangilio wa kasi, mtandao au joto.

Mdundo unasema mengi. Mruko mmoja kila baada ya sekunde 41 au 42 ni alama ya wazi kabisa: faili ni la fremu 23.976 kwa sekunde na skrini iko kwenye Hz 24 kamili. Tofauti yake ni fremu 0.024 tu kwa sekunde, na inachukua sekunde 41.7 kujikusanya hadi kuwa fremu moja nzima. Ikifika hapo, fremu moja lazima ionyeshwe mara mbili, na jicho linaliona hilo. Mruko wa kila sekunde 17 hivi ni ndugu yake: faili la 59.94 au 29.97 kwenye skrini ya Hz 60 kamili. Namba hizi zenye desimali ni urithi wa runinga ya rangi ya Marekani ya mwaka 1953, ambapo kasi ya fremu 30 ilipunguzwa kwa sehemu moja kati ya 1,001 ili ishara ya rangi isigombane na ya sauti. Ndiyo maana 24 na 23.976 zisichukuliwe kuwa kitu kimoja, hata kama menyu ya runinga yako inaandika "24" kwa zote mbili.

Kama kusitasita hakukomi, kunatokea kila kamera inaposogea, basi filamu ya fremu 24 inachezwa kwenye Hz 60. Kwa kuwa 60 haigawanyiki kwa 24 bila baki, fremu moja huchorwa mara tatu (milisekunde 50) na inayofuata mara mbili (milisekunde 33), hivyo hivyo hadi mwisho. Fremu 25 kwenye Hz 60 ni mbaya zaidi: kila moja inahitaji michoro 2.4, kwa hiyo mpangilio unakuwa 2, 2, 3, 2, 3. Video hiyohiyo kwenye Hz 50 inatulia kabisa. Mruko usio na mpangilio wowote ndio peke yake unaokupa sababu ya kuanza kutazama mtandao na joto.

Ukitaka uhakika, tengeneza faili la majaribio lisilo na lawama yoyote, kwa ffmpeg, programu ya kutengeneza na kugeuza video kwa amri za maandishi:

ffmpeg -f lavfi -i testsrc2=size=1920x1080:rate=24000/1001 -t 180 -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p jaribio.mp4

Ni jepesi, halihitaji mtandao ukiliweka kwenye flashi, na kasi yake unaijua. Likiruka, kosa liko kwenye kifaa au skrini.

Tiba ya msingi ni kuiacha skrini ibadilishe kasi kufuata faili. Kwenye Kodi, programu ya kuchezea video, ingia Settings, Player, Videos, kisha "Adjust display refresh rate", uchague "On start / stop". Usipoiona, bonyeza alama ya gia chini kushoto hadi isomeke "Expert". Kwenye Apple TV, mpangilio huo uko Video and Audio, Match Content, Match Frame Rate. Runinga itakuwa nyeusi kwa sekunde chache video inapoanza. Hiyo ni kawaida, HDMI inapatana upya. Kodi inaweza kuambiwa isubiri kidogo baada ya mabadiliko hayo ili usikose mwanzo wa sauti.

Menyu peke yake haithibitishi kitu. Bonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya runinga uone inapokea Hz ngapi. Ukiwa na kibodi, herufi O kwenye Kodi inaonyesha kasi ya faili na kama video inafunguliwa na chipu maalumu ya video au na prosesa. Kwenye mpv, programu nyingine ya kuchezea video, bonyeza Shift na i, utaona idadi ya fremu zilizodondoshwa. Idadi hiyo ikibaki sifuri na bado picha inasitasita, tatizo ni la kasi, si la nguvu.

Kuna skrini za kompyuta zisizokubali Hz 24 wala 50. Hapo mpv ina njia nzuri: andika video-sync=display-resample kwenye faili la mpv.conf. Kasi ya video inarekebishwa kidogo sana ifuate skrini, na sauti inanyooshwa kwa kiasi hichohicho, bila sikio kutambua. Hilo linaziba pengo la 23.976 na 24, lakini haliwezi kuigeuza 24 iwe 60. Halafu, ukiwa unapeleka sauti ghafi kwenye amplifaya bila kuifungua, haiwezi kunyooshwa. Utalazimika kuchagua kimoja.

Fremu zikidondoka kweli, tazama kwanza nani anafungua video. H.264 ya biti 10 inawadanganya wengi (H.264, HEVC na AV1 ni mbinu za kubana video): chipu nyingi haziifungui, kwa hiyo mzigo wote unaangukia prosesa, ingawa HEVC ya biti 10 inapita bila shida kwenye kifaa hichohicho. AV1 nayo ni mzigo kwa vifaa vya zamani. Kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, amri ya vcgencmd get_throttled inakupa jibu moja kwa moja. 0x0 ni salama. 0x50000 inamaanisha tangu kiwashwe umeme umeshawahi kushuka na kasi ikapunguzwa. Mara nyingi kosa ni la adapta dhaifu au waya mwembamba. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Joto likifika nyuzi 80, prosesa inaanza kujipunguza yenyewe.

Mtandao unapimwa kwa njia fupi: nakili faili kwenye diski ya USB ulicheze kutoka hapo. Mruko ukiisha, umempata mkosaji. Faili la 4K lililotolewa kwenye diski ya Ultra HD Blu-ray bila kubanwa linaweza kupanda juu ya megabiti 100 kwa sekunde, na tundu la waya la runinga nyingi linaishia hapohapo kwenye 100. Kwa hiyo Wi-Fi ya 5 GHz iliyo karibu inaweza kuushinda waya.

Upande wa runinga, zima kile kipengele cha kulainisha mwendo (LG inakiita TruMotion, Sony Motionflow), kisha pima tena. Kinabuni fremu za katikati, na kinaposhindwa kinaacha ghafla. Hapo ndipo unapoona mruko. Ila ujue kwamba fremu 24 zina kikomo chake: kitu kikivuka skrini nzima kwa chini ya sekunde 7 hivi kitaonekana kuruka hata mitambo yote ikiwa sawa, na skrini za OLED zinalionyesha zaidi kwa sababu pikseli zake hubadilika papo hapo.

Linabaki faili. Simamisha video kwenye mpv, kisha bonyeza kitufe cha nukta kusogeza fremu mojamoja. Ukikuta katika kila fremu tano kuna moja iliyo nakala kamili ya jirani yake, mtu aligeuza filamu ya 23.976 kuwa 29.97 kwa kurudia fremu. Hakuna mpangilio wa kifaa utakaolitibu. Itoe nakala hiyo:

ffmpeg -i ingizo.mkv -vf decimate -c:a copy tokeo.mkv

Video itabanwa upya, kwa hiyo itachukua muda, lakini sauti inanakiliwa ilivyo na haitaachana na picha, kwa kuwa urefu wa filamu haubadiliki.