Flopi ya kubuti kwa OpenBSD ya zamani iliyogoma kuwaka

Kama una kompyuta ya Pentium ya kitambo yenye OpenBSD 3.9 (mfumo endeshi wa jamii ya Unix) na imegoma kuwaka, CD haina na BIOS yake (programu ya kwanza kuamka mashine ikiwashwa) haijui kubuti kwa USB, tafadhali usikimbilie kupiga fomati, mara nyingi data bado zimo mule ndani na flopi moja tu ya 1.44 MB inatosha kuzifikia.

Chukua flopi yenye matundu mawili, moja kila upande, ile ya tundu moja ni ya 720 KB haifai. Kile kiplastiki cha kuteleza kizibe tundu lake, kikiliacha wazi flopi haiandikiki.

Imeji, yaani faili lenye nakala nzima ya flopi ya kubuti, ni floppy39.fs, ipo kwenye folda ya i386 ya toleo hilohilo la 3.9. Diski zako zikiwa kwenye kadi ya RAID au ya SCSI isiyo ya kawaida jaribu floppyB39.fs, laptop yenye kadi za PCMCIA chukua floppyC39.fs. Hakikisha ina baiti 1,474,560 kamili, zikipungua ujue haijashuka yote.

Usiikopi kama faili la kawaida, haitabuti. Kwenye Linux chomeka drive ya flopi ya USB, piga lsblk, tafuta ya 1.4M, tuseme imetokea sdb, afu:

sudo dd if=floppy39.fs of=/dev/sdb bs=18k conv=fsync

Kabla ya Enter soma tena ile herufi ya mwisho, maana ukikosea ukaandika sda huenda umefuta hadi mwanzo wa diski unayoitumia.

Sasa hatua ambayo wengi wanairuka, na mi niliiruka nikakesha nabadilisha RAM kumbe flopi ndo mbovu: ichomoe, irudishe, ndo uisome upya, usipoichomoa Linux inaweza kukusomea kilichobaki kwenye memori badala ya flopi yenyewe.

sudo cmp floppy39.fs /dev/sdb

Ikikaa kimya iko poa. Ikitaja tofauti, au ukasikia drive inakwaruza krr krr palepale bila kusogea, hiyo flopi tupa chukua nyingine, na zile zilizokaa miaka kwenye droo andaa hata tano.

Fungua kile kiplastiki, weka flopi kwenye ile mashine mgonjwa, BIOS ianze na flopi. Ikija boot> iache iendelee, itasoma polepole sana we subiri tu, mpaka ikuulize Install, Upgrade au Shell, jibu s. Kama diski ni ya IDE, ikague kwa fsck kisha iunganishe (maunti) kwenye /mnt:

fsck -p /dev/rwd0a
mount /dev/wd0a /mnt

Ikisema hiyo divaisi haipo, piga cd /dev halafu sh MAKEDEV wd0, urudie. fsck -p ikishindwa, toa hiyo -p, piga fsck /dev/rwd0a ujibu maswali yake moja moja. Ikishamaunti angalia /mnt/etc/fstab kwanza (orodha ya diski za kumaunti wakati wa kuwaka), mstari mmoja uliokosewa mule unazuia mashine isimalize kuwaka. Kihariri cha vi humu hakimo, utarekebisha kwa kihariri cha ed. Ukimaliza umount /mnt, halt, na flopi itoe kabla hujawasha tena.