Kipimo cha vinasaba kwa mgonjwa wa saratani: mwongozo kwa watu wa Lamu walio ughaibuni

Daktari akitaja kipimo cha vinasaba, muulize kwanza ni kipi, maana viko viwili. Kimoja hutazama jeni ulizozaliwa nazo, kwa damu au mate, na majibu yake yanawahusu pia ndugu na wanao. Cha pili hutazama kipande cha uvimbe, ili kuchagua dawa. Uvimbe ukionyesha hitilafu ya BRCA1 au BRCA2, jeni ambazo zikiharibika huongeza hatari ya saratani ya matiti na ovari, hujathibitishiwa kwamba umeirithi mpaka damu nayo ipimwe.

Saratani za kurithi ni chache, kama 5 hadi 10 katika kila 100. Hata hivyo uliza ikiwa una saratani ya ovari, ya kongosho, ya tezi dume iliyosambaa, ya matiti kabla ya miaka 50, au wewe ni mwanamume na saratani ni ya matiti. Vigezo hutofautiana nchi kwa nchi, na wengi hukosa kipimo kwa sababu hakuna aliyewauliza habari za ukoo.

Habari hizo ziko Lamu, kwa wazee, na ndizo zinazochukua muda. Piga simu kabla ya miadi. Bibi hatakwambia "saratani". Atasema marehemu alikuwa na uvimbe, au kidonda kisichopona, au tumbo lilijaa maji. Ulizia kwa adabu, jambo mojamoja: alikuwa akiumwa wapi, alikatwa ziwa, alipelekwa Mombasa au Nairobi? Umri ukiwa haujulikani, uliza kama alifariki kabla au baada ya mvua za El Niño za 1997, na mwanawe mkubwa alikuwa darasa gani. Andika vizazi vitatu, pande zote mbili. Upande wa baba husahauliwa mno, ilhali hitilafu ya BRCA hupita kwa baba sawa na kwa mama. Wazazi wakiwa ni watoto wa ndugu, sema hivyo bila haya: ziko hitilafu, kama za jeni ya MUTYH, zinazoleta ugonjwa pale mtu anaporithi nakala mbovu kutoka kwa wote wawili.

Kwenye fomu inayouliza asili yako usiweke alama moja ukaondoka. Andika kwa maneno: mama Mbajuni wa Faza, baba wa Lamu, babu wa Hadhramaut. Utafiti wa mifupa ya kale uliochapishwa 2023, ukiwemo wa makaburi ya Manda na Faza, ulikuta jeni za upande wa kike nyingi ni za Kiafrika na za upande wa kiume nyingi ni za Uajemi. Kisanduku cha "Mweusi" au "Mwarabu" peke yake hakitoshi.

Sampuli ya mate ni kama mililita 2, bila kuhesabu povu. Dakika 30 kabla usile, usinywe, usivute sigara, wala usitafune tambuu. Mate yakiwa machache au machafu, maabara huomba mengine na wiki kadhaa zimepotea. Aliyewahi kupandikizwa uboho wa mtu mwingine aseme mapema, kwani damu yake ina vinasaba vya aliyemchangia, kwa hiyo yeye hupimwa ngozi.

Sasa majibu, na hapa ndipo watu wetu huumia bure. Huwa ni matatu: hitilafu yenye madhara imeonekana, haikuonekana, au limeonekana badiliko ambalo maana yake haijajulikana. Hili la tatu hutupata zaidi, kwa sababu kumbukumbu ambazo maabara hulinganisha nazo zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Si hukumu. Mengi yakichunguzwa baadaye hukutwa hayana madhara. Usikubali kukatwa ziwa au kutolewa ovari kwa sababu ya badiliko hilo pekee, wala usiwatie hofu dada zako. Uamuzi ufuate historia ya ukoo. Chukua nakala ya ripoti yenye jina kamili la badiliko, uliza tena kila mwaka au miwili, na ukihama nyumba wape kliniki anwani mpya.

Kabla ya dawa, uliza mambo matatu. Fluorouracil na capecitabine, dawa za kemo, huweza kumuua mwenye upungufu wa DPYD, jeni inayosaidia mwili kuvunja dawa hizo. Vipimo vingi vya Ulaya vilianza na mabadiliko manne yaliyochunguzwa zaidi kwa Wazungu, na badiliko c.557A>G, la watu wa asili ya Afrika, halimo humo. Rasburicase, dawa ya kushusha asidi ya yuriki wakati wa kemo, huvunja chembe nyekundu za damu za mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo; upungufu huo umezagaa pwani yetu kwa sababu husaidia kukinga malaria. La tatu, Waafrika na Wayemeni wengi wana chembe nyeupe chache kwa maumbile, kwa sababu ya damu aina ya Duffy isiyo na alama. Kemo isiahirishwe ovyo kwa hilo. Omba kipimo cha Duffy, na utafute majibu ya damu ya zamani, kabla hujaugua.

Marekani, sheria ya GINA ya 2008 inakulinda usibaguliwe kwa vinasaba vyako kwenye bima ya afya na kazini, si kwenye bima ya maisha. Ndugu asiye mgonjwa aifikirie bima ya maisha kabla ya kupimwa.

Hitilafu ya kurithi yenye madhara, kama ya BRCA, ikithibitishwa, kila mtoto na kila ndugu wa tumbo moja ana nafasi 50 katika 100 ya kuwa nayo. Jamaa aliye Lamu hahitaji kupimwa jeni zote. Hupimwa badiliko hilo moja, kwa gharama ndogo zaidi, alimradi aende na ripoti yako yenye jina kamili la badiliko. Mtumie ripoti nzima kwa PDF, kurasa zote.