Kabla hujajifungia ngomeni, angalia yaliyowakuta wa Kenilworth

Ukitaja kuzingirwa ngomeni watu wanawaza ukuta tu, ukuta mnene na geti la maana, basi. Sasa Kenilworth kule Uingereza, 1266, ukuta ulisimama mpaka mwisho na bado jamaa walisalimu amri, kwahiyo anza na tumbo.

Hesabu watu kabla ya magunia. Mle walijazana zaidi ya elfu moja, wafuasi wa Simon de Montfort, kiongozi wa uasi dhidi ya mfalme aliyeuawa vitani Evesham mwaka mmoja nyuma, na mfalme Henry III na mwanae Edward waliwakalia nje kuanzia Juni mpaka katikati ya Desemba. Karibu miezi sita! Kila mwenye panga anayekimbilia ndani dakika za mwisho anakuja na njaa yake pia, usimpokee kwa furaha tu. Nafaka, nyama ya chumvi, kuni za baridi, vyote piga hesabu kwa kichwa.

Maji ya kuzuia adui walikuwa nayo tele, vijito vilizibwa likatokea ziwa kabisa, pale huchimbi handaki wala husukumi mnara wa mbao, Edward akaagiza mashua kutoka Chester na zenyewe hazikufua dafu. Mitambo yao ya kurusha mawe nayo iliwatesa sana watu wa mfalme. Ila choo je? Watu wote hao wamebanana humo, maradhi yakiingia huyapigi mawe.

Halafu ulizaneni mapema, nani anakuja kutuokoa na anatokea wapi? Hawa walimtegemea Simon mdogo, mtoto wa marehemu, yuko ng'ambo, na hakutokea.

Na mjumbe asiguswe jamani. Wao walimkata mkono mjumbe wa mfalme, na Ottobuono mwakilishi wa Papa alipowatenga na Kanisa, wakamvika mwenzao mavazi kama yake akapanda ukutani akamtenga mfalme na jeshi lake lote (hapa lazima ucheke). Tarehe 31 Oktoba yakatangazwa masharti, unalipa faini unarudishiwa ardhi yako, wakakataa. Desemba wakayakubali hayo hayo, wagonjwa na wamekonda, stoo imebaki na chakula cha siku mbili inavyosimuliwa. Kwahiyo mkubaliane kabisa siku ya kwanza, wakati bado mmeshiba, kikibaki cha wiki ngapi ndo mtu anatumwa getini kuongea.